Mwaka wa pili, nataka kufanya utafiti wa OR na mhadhiri. Naanzia wapi?

Yombo_Ghorofa2

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma hisabati na takwimu hapa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), mwaka wa pili. Utafiti wa operesheni, OR kama tunavyoiita wote, yaani hisabati ya kutafuta uamuzi bora wa kazi kama foleni, ratiba na usafirishaji, ndilo somo lililonikamata, na sitaki kungoja mradi wa mwaka wa mwisho ndipo nishike kazi ya kweli. Likizo ndefu ikianza nitakuwa na kama wiki kumi.

Wahadhiri wa OR wako idara gani, maana sioni idara yenye jina hilo? Na niende na nini mkononi nisirudishwe mlangoni? GPA yangu 3.6, si ya kutisha mtu. Python ya kawaida naijua, na programu mstari (kutafuta jibu bora chini ya vikwazo) naijua tangu ile ya grafu ya kidato cha nne hadi simpleksi, njia ya kuitatua kwa hatua. Nawasilisha.

Simpleksi

Karibu mdogo wangu. OR haina nyumba moja, ndiyo maana huioni. Idara ya Hisabati utakuta wa nadharia na algorithimu. CoET (ndaki ya uhandisi), kwenye uhandisi wa mitambo na viwanda, ni ratiba za uzalishaji, stoo na matengenezo ya mashine, na wahandisi wa usafirishaji nao wana barabara na magari yao. Shule ya Biashara wanaingilia kwa mlango wa ugavi na manunuzi. CoICT (ndaki ya TEHAMA) kule Kijitonyama mara nyingi utaikuta imevaa koti la akili mnemba. Ukitoka Mlimani, NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) Mabibo wanafundisha usafirishaji na ugavi, na maswali yao mengi ni OR tupu hata jina lisipotajwa.

Kwa hiyo usitafute cheo, tafuta kazi. Chukua orodha ya wahadhiri wa idara, ingiza jina moja moja Google Scholar, soma vichwa vya makala za miaka mitatu ya karibuni. Ukiona foleni, ratiba, uelekezaji wa magari, mgawanyo wa vituo au akiba ya bidhaa, umempata mtu wako. Pitia na jarida la ORSEA, chama cha OR cha Afrika Mashariki.

Wakati nao una maana. Wiki ya kwanza ya muhula usiguse mlango wa mtu, usajili na ratiba zinagongana. Kipindi cha mitihani na kusahihisha ndiyo kabisa usithubutu. Wiki ya tatu hadi ya sita watu wametulia. Na kazi ya likizo ya Julai inaombwa Aprili au Mei, kwa sababu likizo ikifika mhadhiri ana wanafunzi wa PT (mafunzo kwa vitendo) wa kuwatembelea vituoni na tasnifu za uzamili zimejaa mezani.

GPA 3.6 haikufungii mlango wala haikufungulii. Kinachofungua ni kurasa mbili: swali moja, modeli yake, data kidogo uliyoikusanya mwenyewe, jibu la awali, na pale ulipokwama. Ukienda na "niko tayari kujifunza chochote" umempa mwenzio kazi ya kukutungia tatizo, na hana wiki ya kuitumia kwa hilo.

Kuna njia ya pili ambayo wengi hawaijui: chukua makala yake moja na urudie jedwali moja. Namba zako zisipolingana na zake, nenda na zote mbili. Hapo mazungumzo yanaanza yenyewe.

Dirisha_la_Tatu

Simpleksi kamaliza upande wa watu. Mimi niseme tatizo lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wanapotea. Wanataka kupunguza msongamano wa Dar nzima kwa wiki kumi.

Chukua steshenari ya karibu na hosteli, ile ya kuprinti na kutoa kopi. Ina wahudumu watatu, kila mmoja na kompyuta yake. Tuseme umehesabu wateja 40 kwa saa, na mteja mmoja anachukua wastani wa dakika 4. Kila mhudumu basi anaweza 15 kwa saa, watatu wanaweza 45. Mwenye duka atakwambia wanatosha, 45 si zaidi ya 40? Weka kwenye fomula ya Erlang C, ile ya foleni yenye wahudumu kadhaa: uwezekano wa mteja kukuta wote wana kazi ni karibu 0.80, na wastani wa kusubiri kabla ya kuhudumiwa ni dakika 9.6. Ongeza mhudumu wa nne, kusubiri kunashuka hadi dakika 1.1. Mtu mmoja, na foleni inakaribia kuyeyuka. Sababu ni kwamba watatu wanafanya kazi asilimia 89 ya muda wao, hawana nafasi ya kufidia dakika chache wateja wanapokuja kwa mkupuo. Wakiwa wanne wanashuka hadi asilimia 67.

Hiyo ni kurasa mbili tayari. Ila upimaji ndio unaoua.

Kwanza, huduma inaanza lini? Mteja anafika mbele, anatoa simu, anatafuta faili, anaulizwa namba ya WhatsApp ya duka, anatuma, mtandao unasuasua, dakika mbili zimekwenda na karatasi haijatoka. Ukianza kuhesabu karatasi inapotoka utapata dakika 2 badala ya 4, na modeli itakwambia hakuna foleni huku unaiona kwa macho. Andika ufafanuzi kabla hujashika saa: huduma inaanza mhudumu anapoanza kushughulika na huyu, inaisha anapomgeukia mwingine. Kulipa kumo.

Pili, idadi ya vipimo. Ukitaka wastani wako uwe ndani ya nusu dakika kwa uhakika wa asilimia 95, na mtawanyiko (standard deviation) wa muda wa huduma ni dakika 4 (ndivyo inavyokuwa kwa mgawanyo wa eksponensha, mtawanyiko sawa na wastani), unahitaji vipimo 246. Mtawanyiko ukiwa dakika 2 vinatosha 62. Kwa hiyo pima 30 kwanza, kokotoa mtawanyiko, ndipo upange siku. Usiseme "nilipima wateja 50" bila sababu, hilo swali utaulizwa.

Tatu, wanaokuja wakaona watu na kugeuza. Hao usipowahesabu, kiwango chako cha kuingia kiko chini ya ukweli. Ukija kuongeza mhudumu wa nne, wataanza kubaki, na foleni haitapungua kama ulivyoahidi. Weka mtu wa pili mlangoni na daftari lake.

Nne, modeli hii inadhani kiwango cha kuingia hakibadilikibadiliki. Vipindi vinaisha saa kamili, wanafunzi wanamwagika kwa pamoja. Hesabu kwa vipande vya dakika 5, chora. Ikiwa kipande kimoja kina 9 na kinachofuata 1, acha fomula, andika simulesheni, yaani programu inayoiga foleni yenyewe. Na umeme ukikatika katikati ya kipimo, andika saa uliokatika na uliorudi, usiufute.

Kujikagua kuko rahisi: sheria ya Little, idadi ya wastani ya watu dukani ni sawa na kiwango cha kuingia mara muda wa mtu kukaa humo. Kwa mfano huu, wateja 40 kwa saa na dakika 13.6 kila mmoja, inatoka watu 9. Hesabu vichwa kila dakika 5. Wastani ukikuta 14, kuna kitu umepima vibaya, rudi kabla hujamwona mhadhiri.

Bunju_B

Foleni ni nzuri kwa kuanzia ila nitapinga kidogo. Mhadhiri wa hisabati atasema "hii ni ya kitabu". Uelekezaji wa magari una nafasi zaidi ya kitu kipya, na Dar ni mahali pake: maduka ya jumla, maji ya chupa, gesi, dawa, taka. Na kwa Kiswahili chetu utatumia neno foleni mara mbili kwa maana mbili, ya dirishani na ya Morogoro Road, angalia usijichanganye.

Anza na wazo la Clarke na Wright la 1964. Gari linatoka ghalani hadi duka moja na kurudi, kisha duka lingine na kurudi. Ukiyaunganisha kwenye safari moja unaokoa: umbali wa ghala hadi la kwanza, jumlisha ghala hadi la pili, toa umbali kati yao. Tuseme ghala liko Ubungo, Tegeta ni kilomita 18, Bunju 27, kati yao 9. Akiba ni 36, ambayo ni mara mbili ya umbali wa Tegeta, kwa sababu Bunju iko njia ileile mbele zaidi. Ghala hilohilo na maduka ya Tegeta na Mbagala, akiba inakaribia sifuri, kila moja ina upande wake. Panga akiba zote kutoka kubwa kwenda ndogo, unganisha mpaka gari lijae. Python mistari isiyozidi 60.

Kabla ya data ya Dar, ijaribu kodi yako (code, ile programu uliyoandika) kwenye data ambayo jibu lake linajulikana. Ya mtafiti Solomon ya 1987 ina matatizo 56 yenye wateja 100 kila moja. Lile la C101 jibu bora ni magari 10 na umbali 828.94. Ukiona makala nyingine inasema 827.3 usishtuke, hao wanakata umbali wa kila kipande kwenye desimali moja kabla ya kujumlisha. Yako ikitoa 820, usishangilie. Hujapata jibu jipya, umevunja kikwazo mahali fulani, na mara nyingi ni ule muda wa kushusha mzigo wa 90 kwa kila mteja ambao umesahaulika.

Sasa yanayoharibika kwa data ya hapa:

Umbali wa mstari mnyoofu. Kivukoni na Kigamboni ukipima kwa rula wanatazamana. Kwa gari ni pantoni na kungoja kwake, au uzunguke Daraja la Nyerere kule Kurasini. Chota umbali wa barabara kutoka OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Ramani ya Dar ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, mradi wa Ramani Huria ulichora hadi vichochoro vya mitaa mingi. Programu ya OSRM, inayokokotoa njia za barabarani, unaiweka kwenye laptopu yako, unapata jedwali lote la umbali bure.

Mpangilio wa koodineti. OSRM inataka longitudo kwanza: 39.28, kisha -6.81. Ukigeuza, maduka yako ya Kariakoo yanahamia Hispania karibu na mpaka wa Ureno, na programu haitakwambia kosa. Itakupa tu kilomita za ajabu, au sifuri tupu.

Namba kubwa ya kufungia, ile M inayozidishwa na kigezo cha ndiyo au hapana ili njia isiyotumika isibebe kitu. Watu wanaweka milioni moja kwa raha zao. Baadhi ya solva (programu za kutafuta jibu bora), kama Gurobi, zinakubali 0.00001 kama sifuri kwenye kigezo hicho. Milioni moja mara 0.00001 ni 10. Umeruhusu katoni 10 kupita kwenye njia ambayo umesema haitumiki. M yako iwe uwezo wa gari, ikiwa ni katoni 120 andika 120.

Yombo_Ghorofa2

Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu ya hivi. Yamebaki mawili. Solva: Gurobi inasifiwa lakini naona bei. Na data ya taasisi, mfano mwendokasi au hospitali, naipataje? Halafu hii ya "undergraduate research" za nje, orodha zinazozunguka kwenye magrupu, kuna ukweli?

Simpleksi

Solva. Gurobi kwa mwanafunzi ni bure, ila leseni ya bure ya chuo unaiwasha ukiwa kwenye mtandao wa chuo, si kwa bando la simu geto. Bila leseni hiyo unabaki na ile ndogo ya vigezo 2,000 na vikwazo 2,000. Piga hesabu kabla: tatizo la mchuuzi msafiri (mzunguko mfupi kuliko yote unaopita kila pointi mara moja) kwa muundo wa Miller, Tucker na Zemlin wa 1960 lenye pointi 44 lina vigezo 1,935, linapita. Ongeza pointi moja tu, vinakuwa 2,024, linakataa. Watu wanadhani kodi imeharibika kumbe wamegonga dari.

Mimi ningekwambia anza na solva ya HiGHS, ni ya bure na haina dari. PuLP, maktaba ya Python ya kuandikia modeli, nayo inafanya kazi na CBC, solva nyingine ya bure. Solver ya Excel inaishia vigezo 200 na vikwazo 100, ifae kuonyesha mwenye duka, si kuandikia utafiti.

Na muundo huo wa 1960 ni dhaifu: pointi zikizidi makumi kadhaa solva inaweza kukaa saa nzima na pengo (tofauti kati ya jibu lililopatikana na mpaka wa chini) la asilimia 10 lisishuke. Si laptopu yako. Mpaka wa chini unaotoka ukiondoa sharti la namba kamili uko mbali na jibu la kweli, kwa hiyo inabidi ichunguze matawi mengi mno. Pointi 20 tu zina mizunguko tofauti zaidi ya 60,000,000,000,000,000. Andika pengo kwenye ripoti, usiandike "jibu bora" kama solva ilikatizwa na muda.

Kikwazo_Laini

Data ya taasisi: mwanafunzi hapewi kwa sababu ana hamu. Inatakiwa barua ya utambulisho ya chuo, na barua hiyo itaje faili gani, kipindi gani, na safu zipi unazotaka. "Naomba data za usafiri" itazungushwa meza kwa meza hadi likizo iishe. "Naomba muda wa kuondoka na kufika wa kila basi, njia ya Kimara hadi Kivukoni, siku 14, bila majina ya madereva" inajibika, hata kama jibu ni hapana. Weka wiki sita za kungoja na uwe na mpango wa pili usiohitaji ruhusa kubwa. Hapa Dirisha_la_Tatu yuko sahihi kuliko Bunju_B, steshenari unaongea na mwenyewe siku hiyohiyo.

Hospitali achana nayo kwa likizo moja. Chochote kinachogusa wagonjwa kinapita kamati ya maadili, na wiki kumi zako zitaishia kwenye fomu. Hata dukani, kumbuka sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Namba za simu na majina ya wateja hayana kazi kwenye modeli ya foleni, usiyaandike kabisa. Kuandika kisha kufuta ni kujitafutia kesi.

Anayesoma CoET ana njia fupi: zile wiki nane za PT. Uko ndani ya kiwanda tayari, omba msimamizi wa kituo akuruhusu kutumia rekodi za mashine kusimama au za stoo, na ruhusa hiyo iwe kwenye maandishi kabla hujaondoka.

Hela. Kazi hii ya kujitolea haina fungu, na bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) halikupangwa kwa ajili yake. Usichague tatizo linalokudai nauli ya kila siku hadi Mbagala. Muulize mhadhiri wazi kama ana mradi wenye fedha za wasaidizi wa kukusanya data. Akiwa nao, hapo unaweza kulipwa kwa siku za uwandani, lakini kazi inakuwa yake na swali ni lake.

Jina kwenye makala. Liongelewe wiki ya kwanza, kwa heshima, swali moja tu: "Prof, kazi hii ikifika kuandikwa, mchango wa kiasi gani unampa mtu nafasi ya mwandishi?" Kuingiza data pekee kwa kawaida hakutoshi. Kuunda modeli, kuandika kodi na kuandika sehemu ya matokeo kunatosha. Weka kodi kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko na tarehe yake, tangu siku ya kwanza, tarehe zinaonekana zenyewe bila mtu kubishana.

Za nje: orodha hizo nyingi zinakupotezea muda. REU za Marekani (nafasi za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) zinalipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali yao, na fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa kule. RISE ya Ujerumani, nafasi za aina hiyohiyo, inachukua wanaosoma Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Soma mstari wa nani anaruhusiwa kabla hujalipia nakala ya cheti. Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya chuo iko hapahapa na wanafunzi wanaonyesha kazi zao.

Yombo_Ghorofa2

Nimeandika rasimu ya barua pepe, ya kwenda itakuwa Kiingereza ila naiweka kwa Kiswahili mnikosoe:

"Dkt., shikamoo. Mimi ni mwanafunzi mwenye ari kubwa na shauku ya utafiti. Nasoma mwaka wa pili, Hisabati na Takwimu. Nimesoma makala yako kuhusu ratiba za vituo vya huduma. Nimepima steshenari moja yenye wahudumu watatu kwa siku nne, vipimo 180 vya huduma. Modeli ya kawaida inatabiri kusubiri dakika 9, mimi nimepima 14. Nadhani tofauti inatokana na wanafunzi kuja kwa makundi vipindi vinapoisha. Naomba dakika 15 za ofisini kwako wiki ijayo nikuonyeshe. Nimeambatisha kurasa mbili."

Dirisha_la_Tatu

Sentensi ya ari na shauku ifute, zilizobaki zinajieleza. "Makala yako" taja mwaka na jedwali namba ngapi. Weka siku mbili na saa, kwa kuangalia karatasi ya saa za wanafunzi aliyobandika mlangoni. Tuma kwa barua pepe ya chuo, kwa mhadhiri mmoja. Ukimya wa siku kumi, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa wa pili.

Hiyo tofauti ya 9 na 14 usiifafanue kwa "nadhani". Una vipande vya dakika 5? Gawa mtawanyiko wa hesabu hizo, ulioinuliwa kipeo cha pili, kwa wastani wake. Kama wanakuja kwa kubahatisha tu, inatoka karibu na 1. Ikitoka 3 au 4, wanakuja kwa makundi na una ushahidi.

Yombo_Ghorofa2

Imetoka 3.4.

Bunju_B

Hiyo namba ipeleke kwenye mstari wa tatu wa barua. Na ambatisha faili la CSV, si picha ya daftari.